Utando wa Figo ya Mama

Mama yangu,

Shikamoo. Mwili wangu ni mzima, ila moyo umechafuka. Vipi miguu, bado inavimba? Baba na mgongo wake je? Wifi amejifungua salama? Nijibu yote, usinifiche kama kawaida yako.

Uliwahi kuniuliza kazi yangu hasa ni nini, nikaishia kucheka. Leo nakueleza. Chini ya seli za mwili kuna utando mwembamba mno unaozishikilia mahali pake. Kwenye figo, utando huo ndio unaosaidia kuchuja damu. Ukidhoofika, mtu anavimba kama wewe. Kazi yangu ni kuubonyeza kwa kijisindano kisichoonekana kwa macho, na mashine inaniambia una ugumu kiasi gani. Sharti ni moja: uwe umelowa, ndani ya maji ya chumvi yenye joto la mwili. Ukikauka unakakamaa kama ngozi ya mbuzi iliyosahaulika juani, na vipimo vyake vinakuwa upuuzi mtupu.

Sasa nikwambie kuhusu mkubwa wetu, tunayemwita Bwana Kibano. Mama, mtu huyu ananitia kinyaa! Anachokoa meno kwa kibano cha maabara, kisha kibano hichohicho anashikia vipande vya figo za watu. Kikombe chake cha chai kimeota ukungu, na bado anakinywea. Nilidhani uchafu wake unaishia hapo. Wapi!

Juzi niliingia chumbani kwake nikamkuta anapima vipande vya wagonjwa wanaomeza vile vidonge vipya vya figo vinavyojaribiwa. Vimelazwa kwenye kioo, vikavu kau! Nikamwuliza maji yako wapi. Akasema maji yanachelewesha kazi, na wenye kampuni ya vidonge wanataka kusikia kwamba utando umeimarika. Nikamwuliza na wale wasiomeza dawa, vipande vyao anavipimaje. Akajibu bila haya, huku akilamba vidole, kwamba hivyo anavipima majini, ili tofauti ionekane. Nilitaka kumtapikia mezani.

Alipoona nimenuna akanibembeleza. Akasema nifurahi, maana hata utando wa mama yangu umekuwa mgumu. Kumbe ulipochomwa ile sindano ya figo, kipande kilichotolewa kililetwa kwetu! Yeye alikuwa amekausha nusu yake, nusu nyingine ilikuwa bado kwenye friji.

Niliichukua hiyo nusu mama, nikaiweka majini, nikasubiri ipate joto, nikaibonyeza taratibu. Utando wako ni laini kuliko wa wagonjwa wasiomeza chochote. Nikarudia sehemu nyingine, kijisindano kikapenya moja kwa moja. Vidonge vile havikusaidii hata kidogo, na wewe uliacha dawa za daktari wako ili uvipate, ukawatambia majirani kwamba anayevipima ni mwanao.

Vipimo vyangu nimeshavipeleka kwa kamati ya hospitali. Mimi nitafika Ijumaa, twende pamoja kwa daktari wako wa zamani. Ila wewe mpigie leo hii, usinisubiri mimi.

Baba mpe pole ya mgongo, na mtoto wa wifi, kama ameshazaliwa, mnibusie. Bwana Kibano ana namba yako, bila shaka atakupigia akubembeleze uendelee na vidonge. Akikwambia mimi nimekubali, mkatie simu.

Akupendaye,
Kitindamimba wako