Kovu la Shavu la Kushoto

Baraka, mume wangu,

Shangazi yako Rehema ndiye ananiandikia, maana mimi na kalamu hatujuani. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinipambe.

Umenikosea wewe. Mjukuu hamtangulii bibi yake. Tulikuzika hapa Stockholm, udongo mgumu kama chuma, na baada ya wiki chache picha yako ikafika hapa nyumbani kwetu, mtaa wa Husby, kutoka Australia. Ile uliyojichora mwenyewe. Sasa chuo chako kinaiomba irudi Melbourne, kwenye maonyesho ya wachoraji waliojichora sura zao. Lakini mpaka mimi niridhie.

Nikaiangalia. Nikasema, huyu siye. Kovu lako la mafuta ya mandazi liko shavu la kushoto. Nalijua, maana karai la moto nililiacha mimi bila mtu, nawe una miaka minne. Kwenye picha liko kulia. Ungelificha, ningeelewa. Lakini kulihamisha? Nikaifunika kanga. Ulishanieleza kwa simu kwamba baadhi ya wenyeji wa asili wa huko, mtu akifa, huficha picha yake mpaka ndugu waseme basi. Nikakujibu, "Hao wana adabu." Basi nami sikusema basi.

Juzi Rehema akachoka na mimi. "Mama, alijichora akiangalia kioo!" Akaibeba mpaka kwenye kioo cha koridoni, akaielekeza humo. "Haya, njoo uone."

Baraka. Kovu likarudi kushoto. Ukawa wewe, na hilo jicho lako la kuomba andazi la tatu. Kumbe ulijichora vile ulivyojiona kila asubuhi ukipiga mswaki. Mimi niliyekulea sikuwahi kukuona hivyo.

Na kando yako, mle kiooni, nilikuwa mimi, mdomo wazi. Unakumbuka ulivyonibembeleza, "Mke wangu, kaa nikuchore"? Nikakujibu sura yangu ni ya kumenyea viazi, si ya kutundikwa. Nisamehe. Ningekaa. Ningekaa mpaka miguu ife ganzi.

Nimeweka dole gumba kwenye karatasi yao. Nenda, wakuone. Lakini nimetaka waandike chini yake: kovu ni la kushoto, na bibi yake analijua.

Ukirudi, nitakutundika koridoni, utazamane na kioo. Na kila asubuhi, kabla sijafungua mlango, nitasimama hapo kando yako, tuwe picha moja.

Lala salama, mume wangu.

Mke wako mzee,
Bibi