Wali wa Maghi Nilioula

Kambi ya Walioachiwa Huru,
Bardiya, Nepal.
20 Januari 2001

Mpendwa Mjomba Bhagiram,

Shikamoo. U hali gani huko Delhi? Kile kikohozi cha baridi kimekuachia? Sisi tu wazima. Hema linavuja, lakini ni letu.

Mjomba, nina jambo la kuungama.

Tangu serikali itangaze mwezi wa saba kwamba tuko huru, bwana wetu wa zamani hajataka kuamini. Asubuhi ya sikukuu ya Maghi, mwaka wetu mpya ukianza, alimtuma mnyapara na sahani ya wali na nyama ya mbuzi. Unakijua chakula hicho: ukionja tu, umekubali kumlimia mwaka mzima. Ndicho ulichokikimbia wewe. Baba na mama walikuwa mtoni wakioga. Nilikuwa na njaa, mjomba. Nikala tonge moja. Kisha la pili.

Mnyapara akacheka. "Haya, binti kala! Kesho alfajiri baba yako shambani, mama yako jikoni kwa bibi."

Wazazi waliporudi niliwaambia, nikingoja kofi. Mama akamgeukia mnyapara, aliyekuwa bado amesimama pale akingoja jibu.

"Kumbe kula ndiko kujifunga? Bwana wako kala mpunga niliolima mimi miaka kumi na saba. Mwambie aje kesho, jembe lake liko hapa. Na mkewe aje anisagie pilipili!"

Majirani waliangua kicheko. Nami, ambaye darasani hata jina langu hulitaja kwa kunong'ona, nikaongeza kwa Kinepali, lugha ya bwana, ili ujumbe umfikie bwana kama ulivyo: "Baba ni kibarua sasa. Anayemtaka aje mwenyewe, ataje ujira kwanza, na jua likizama baba anarudi kwake. Mama hayumo."

Sauti ilikwaruza, lakini ilitoka.

Ngano ya bwana ilikuwa inakauka kwa kukosa mtu wa kuimwagilia. Siku ya tatu alikuja mwenyewe, akasimama nje ya hema.

"Bisram, ujira mnaoutaka nitalipa. Unaweza kuja kesho?"

Maisha yake yote hakuna aliyewahi kumuuliza baba kama anaweza.

"Kesho siwezi," akasema. "Keshokutwa."

Mjomba, kesho hiyo baba hakuwa na kazi yoyote. Alikaa juani kutwa nzima, kanyoosha miguu. Tulishindia maji ya moto, na hakuna aliyelalamika.

Msalimie mkeo Asarphi na mtoto Lahanu. Mungu awape afya, wala asiwape bwana tena.

Mpwa wako akupendaye,
Jagmati