Taa Kwenye Miti Yangu

Jumanne, 29 Novemba 1983

Nimegeuza mahindi kwenye turubai, nikaenda mjini kununua mafuta ya taa. Niliporudi nyumbani Kiplombe, boma liko wazi. Miti yote ya blugamu ya mpakani imekatwa. Marehemu mume wangu aliipanda mwaka tuliooana. Seng'enge tuliyoipigilia kwenye miti imelala chini vipande vipande. Ndama ameshavuka barabara.

Majirani wanasema lilikuwa lori la Diwani, na vijana wa chama.

Sijalia. Nimemfuata ndama, nikamrudisha na kumfunga.

Alhamisi, 1 Desemba

Nimeenda kwa Diwani. Tunapakana. Alinikuta langoni, hakunikaribisha. Nikamwambia miti ni yangu. Hakukataa. Alisema ni ya kutundika taa za sherehe, miaka ishirini ya Uhuru, pale uwanjani mjini.

"Mwalimu, hii ni kazi ya serikali. Wewe unapinga serikali?"

Neno hilo si la mchezo. Watu wamepoteza kazi kwa neno dogo kuliko hilo. Nikarudi nyumbani.

Namchukia.

Jumapili, 4 Desemba

Kanisani wametangaza kwamba Diwani amejitolea kutoa nguzo kutoka shamba lake mwenyewe. Makofi. Kisha mchungaji akaomba kwaya ya akina mama iandae wimbo wa kumshukuru siku ya sherehe. Kwaya ninaifundisha mimi.

Nimekubali. Hata nilitabasamu.

Jumatano, 7 Desemba

Jioni wamejaribu taa. Nilienda na Mama Njeri mwenye duka, ambaye ndiye sauti yangu ya kwanza kwenye kwaya.

Sikutaka kuona kitu kizuri. Lakini ni kizuri. Fundi amekunja waya akafunga balbu za rangi: ngao na mikuki, ng'ombe na ndama wake, hindi kubwa la manjano na majani ya kijani. Vyote vinaning'inia juu gizani, kati ya nguzo na nguzo. Watoto wamelala chali kwenye nyasi wakiangalia. Na mimi nimesimama mdomo wazi. Kisha nikajichukia.

Nikashika nguzo moja. Kitu kikanichoma kidole. Kipande cha seng'enge yangu, mti ulikuwa umeshakimeza nusu. Nguzo ya pili, vilevile. Ya tatu. Hawakujisumbua hata kuvitoa.

Mama Njeri naye akapapasa. Akasema polepole, "Mwalimu, hii tutaiimba."

Nitalala vizuri leo.

Ijumaa, 9 Desemba

Mazoezi. Ubeti wa mwisho hatuuimbi, tunanong'onezana tu. Mama mmoja amejitoa. Mume wake ni wa chama. Simlaumu, lakini akifungua mdomo tumekwisha. Gari likipita barabarani naacha kila kitu nasikiliza.

Siachi.

Jumatatu, 12 Desemba

Tumeimba, chini ya taa zote. Beti za kwanza sifa tupu. Diwani anatikisa kichwa, anafuata mdundo. Kisha:

Asante Diwani, nguzo umetupa,
seng'enge ya jirani umesahau kutoa.

 Mtu akacheka huko nyuma. Halafu watu wakaanza kupapasa nguzo. Mgeni wa heshima, mkubwa mmoja kutoka Nairobi, akainuka mwenyewe, akaenda kwenye nguzo ya karibu, akagusa kwa kidole.

"Huyo jirani ni nani?"

 Nikanyoosha mkono juu, kama mtoto wa shule.

Mgeni akarudi kwenye kiti chake. Lakini kwa Diwani, alikoalikwa baada ya sherehe, hakwenda kula. Mafahali wawili wamechinjwa, hema limesimamishwa, na magari yakapita pale langoni bila hata kupunguza mwendo.

Nimefurahi. Naandika tena: nimefurahi.

Jumanne, 13 Desemba

Nilikuwa nangoja vijana wa chama. Aliyekuja ni mke wa Diwani, amebeba sufuria ya nyama. Itaharibika, anagawia majirani. Hakuniangalia usoni. Akasema bwana hajatoka chumbani tangu jana.

Ni mama mwema. Kwenye matanga ya mume wangu alichota maji siku zote. Nilimhurumia yeye. Bwana wake, hapana.

Nyama nimepokea. Nimeila mpaka nikalamba vidole.

Jumamosi, 24 Desemba

Taa zimetolewa uwanjani. Jioni lori limeleta nguzo, likazimwaga hapa nje. Dereva hakusalimia. Zitafaa kwa boma. Kivuli zimeshindwa kurudi nacho.

Chama kimemsimamisha Diwani uanachama. Hajahama. Mimi pia sijahama.

Upepo unaingia hadi jikoni. Bila miti, sasa naona dirisha lake. Taa yake ni ya stima, yangu ni ya mafuta. Kama naiona yake, naye anaiona yangu.

Nimeketi hapa mezani. Sijafunga pazia.