Ngazi Ambazo Hatuna

Lexington, Kentucky
8 Juni

Baba mpendwa,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila roho imechoka. Mama hajambo? Na kifua chako? Nakuandikia kwa kuwa simu umeikataa. Ati nikipiga nasikiliza pumzi zako badala ya maneno yako. Ni kweli, wala siombi radhi.

Likizo ya mwaka wangu wa kwanza wa udaktari ndiyo hii: wiki nane za kufundishwa utafiti. Nilidhani nitavaa koti jeupe. Profesa Whitcomb amenipa kiti kibovu, simu, na majina mia mbili ya wachimba makaa ya mawe wa huko kwetu waliowahi kupimwa mapafu, niwaulize hali zao. Tangu Jumatatu wamenijibu kumi na mmoja tu. Wengine wanakata nikitaja chuo. Mzee mmoja kaniambia, "Binti, nenda kamsaidie mama yako vyombo." Hebu zungumza na wenzako, tafadhali!

Mwanao,
Verla

Pruitt Fork
13 Juni

Verla mwanangu,

Sisi wazima. Mama yako anakusalimu. Mwaka huu kapanda nyanya kama za kulisha jeshi. Kifua changu ni kifua, kiache.

Aliyekutuma kwenye vyombo ni Clovis. Nilikuwa naye barazani ulipopiga, tukacheka mpaka tukakohoa. Lakini nawe! Mtu kachimba makaa miaka thelathini, unamuuliza, "Unapanda ngazi ngapi bila kupumzika?" Ngazi zipi? Nyumba za huku zote za chini, nyingine zina magurudumu. Clovis akisema hapandi hata moja, unamwandika mahututi. Akisema ngazi hazimsumbui, unamwandika mzima. Yote uongo. Muulize nani anabeba ndoo ya chakula cha kuku pale kwake, hapo utapata jibu. Nani katunga hayo maswali, malaika?

Baba yako

Lexington
22 Juni

Baba,

Natumaini barua hii inawakuta salama. Maneno yako niliyafikisha. Profesa akasema, "Fomu hii imetumika miaka ishirini." Nikamjibu, basi imekosea miaka ishirini. Nilisema hivyo, Baba, tena kwa sauti! Akavua miwani, akanitazama hadi nikatamani kujificha kwenye droo. Kisha akasema, "Haya. Watu thelathini. Waulize swali la zamani na hilo lako. Ukiambulia patupu, unarudi kwenye ngazi."

Nimewamaliza jana. Wanaume kumi na saba waliosema ngazi haziwasumbui hawawezi tena kubeba ndoo. Kumi na saba! Mmoja alilia. Usiniulize nani, siruhusiwi kusema.

Jina lako halimo kwenye orodha yangu kwa sababu hujawahi kukanyaga kliniki, na ubishi wako naujua. Basi nakuuliza kama mwanao: ndoo ya kuku hapo nyumbani anabeba nani?

Verla

Lexington
6 Julai

Baba,

Hamjambo? Wiki mbili kimya. Nikimpigia Mama ananisomea habari za nyanya. Mmekula njama? Wageni wananijibu, baba yangu mzazi hanijibu! Andika hata mstari mmoja. Andika "sitaki." Kitu chochote.

Verla

Pruitt Fork
11 Julai

Verla,

Kwanza ujue tupo, halafu usome polepole.

Nilikasirika, ndiyo maana sikuandika. Kuku tuliwauza Machi. Nilikuwa nikifika bandani nashika nguzo, na mama yako akinichungulia dirishani. Juzi Jumanne akasema, "Delmer, unamwambia wewe au namwambia mimi?" Akanipakia kwenye pikapu kama ng'ombe wa maonyesho, hadi kliniki.

Msichana wa rika lako akanipa bomba nipulize. Nikapuliza. "Tena, Bwana Stidham." Nikapuliza. "Tena, kwa nguvu." Nikamtukana. Akasema, "Hilo tusi lina pumzi kuliko zile mbili. Tena."

Mapafu yangu yamebaki nusu. Daktari anataka nirudi Jumatatu ya tarehe ishirini na mbili kwa picha. Usije. Umebakiza wiki mbili, maliza kazi yako. Hao kumi na saba wanakuhitaji kuliko mimi.

Baba yako

Lexington
16 Julai

Baba,

Leo sina salamu. Tangu Machi! Mimi niko hapa nawauliza baba za watu, wewe unashika nguzo na Mama anaficha. Nimewakasirikia nyote wawili, kisha nikalia chooni, kisha nikaenda kwa profesa. Swali lako linaingia kwenye fomu, atawapigia wote mia mbili upya. Kaniuliza limetoka wapi. Nikamwambia kwa baba yangu. Akasema Jumatatu nisionekane kazini.

Kwa hiyo nakuja, na usinibishie. Nitaingia nawe kwa daktari. Picha za mapafu sijui kuzisoma, mwaka wa kwanza hawatufundishi. Yako tutaitazama pamoja, mimi na wewe, sote hatujui kitu, mpaka mtu atuambie.

Binti yako,
Verla