Resori ya Tatu

Papa,

Gari limepona. Naanza na hilo kwa sababu najua ungeliuliza kabla hata ya kuuliza habari za watu, na Mama angekukemea.

Tangu tulipokuzika hapa kambini Juru lilikaa nyuma ya nyumba chini ya turubai. Hakuna aliyetaka kuligusa. Watu walisema tuliuze vipande vipande, eti gari ambalo mwenyewe amefia ndani halibebi tena mtu salama.  Mama alikuwa anazungukia upande wa pili wa nyumba ili asilione. Mimi pia nililichukia, Papa. Nililichukia mingi.

Lakini Neema ana mimba tena. Unakumbuka dada yangu alivyopasuliwa kwa mtoto wa kwanza. Kliniki ya Base Camp wamemwambia safari hii asithubutu kuzalia huku, uchungu ukianza tu apelekwe hospitali Mbarara. Apelekwe na nini, baiskeli? Huku kwetu gari ni hilo letu peke yake, na lazima lipande kile kilima lilichoshindwa kukipanda na wewe.

Kile kilima! Mimi kwenye usukani, wewe kando yangu, Mama nyuma amekushika mabega kwa sababu kifua kilikuwa kinakubana. Moteri ikaanza kukohoa, ikapiga mshindo kwenye kabureta, nguvu zikaisha, tukasimama katikati ya mwinuko. Ulifumba macho ukasema, "Ni resori. Ya tatu." Basi. Hukusema tena. Maneno yako ya mwisho hayakuwa jina la Mama wala langu. Yalikuwa resori.

Kwenye matanga kila mtu alisimulia hilo. Fundi aliyesikia ugonjwa wa moteri huku roho inamtoka! Wakongomani, Warundi, hata wale wa kanisani ambao hamkuelewana nao, wote walitikisa vichwa. Mama, kila akisikia hiyo hadithi, uso wake ulikuwa unatulia kidogo. Hakuna kingine kilichomtuliza.

Basi nilifungua moteri. Nikatoa resori zote nane, hizo springi ndogo zinazorudisha valvu, nikazipanga juu ya gunia moja moja kama ulivyonifundisha. Saba zilikuwa ndugu, waya mmoja, weusi mmoja. Ya tatu ilikuwa imekatika vipande viwili, na haikuwa ndugu yao. Waya wake ulikuwa mnene zaidi, na kutu ilikuwa imeutoboa vidoa vidoa, palepale ilipokatikia. Nilitambua ilikotoka. Lile kopo lako la vyuma vya moteri zilizokufa.

Wewe! Wewe uliyenifokea mpaka nikalia siku nilipotaka kubadilisha moja tu. "Zote nane, Faraja, ao usifungue kabisa."

Nikakaa chini pale kwenye udongo, nikakumbuka. Asubuhi moja, kabla hujaugua, jirani yetu Mama Riziki alisimama mlangoni na mtoto anakakamaa kwa homa, na moteri ilikuwa wazi mbele yako. Ulinituma maji. Niliporudi na bidoni mlikuwa mmeshaondoka, nikashangaa umefunga saa ngapi. Najua ulivyojiambia: ya leo tu, kesho nitaweka nzuri. Kesho yake kifua kikakulaza, na hukuamka tena kufanya kazi.

Kwa hiyo hukusikia kitu, Papa. Ulijua.

Mtoto wa Mama Riziki anapita hapa kila siku akikimbiza tairi la baiskeli. Anacheka kwa sauti kubwa. Nikimsikia sijui hasira yangu niiweke fasi gani.

Nilienda Mbarara na etau yako ndogo kwenye begi, ile ya kubania vyuma. Duka la kwanza wakaniwekea mezani resori za pikapu ya dizeli. "Nyabo, dada yangu, hii ni ngumu sana! Hata bajukuu yako batakuta hii." Zingeingia, kweli. Na kwa ugumu huo zingekula kamshafti, chuma kinachozisukuma, taratibu mpaka moteri ife kabisa. Nikazirudisha.

Kule Kakiika, pembeni mwa mji, nilimpata mzee mmoja anayefungua magari ya zamani nyuma ya shamba lake la ndizi. Alikuwa na seti mpya, bado imefungwa kwenye karatasi ya mafuta. Nikafunga etau kwenye nguzo ya ua wake, nikabana resori yetu ya zamani na ile mpya zikitazamana, nikakaza polepole. Ya zamani ikajikunja kwanza, mpya ikafuata nyuma kidogo. Ndivyo ulivyotaka: ishinde ya zamani, lakini isigome. Kisha nikazisimamisha juu ya kioo nione kama iko inayoinama. Mzee akacheka sana. "Nyabo, unanunua sipea ao unapima maziwa kama iko na maji?"

Saba zilikuwa safi. Ya nane ilikuwa na kidoa cha kutu, kidogo kama punje ya uwele. Na tumbo la Neema lilikuwa limeshashuka. Nilikigusa kile kidoa kwa ukucha, Papa, nikajisikia nasema, kwa leo tu. Kwa sauti yako kabisa. Pale nilikuelewa, na nikazidi kukukasirikia. Nikazifunga zote nikamrudishia, nikarudi Juru mikono mitupu. Mama alidhani nimeshindwa kuchagua. Mzee alipopata seti nyingine kwa mwenzake akanipigia simu, nikarudi nikazipima zote upya, nikazinunua, nikazitia.

Juzi tulilijaribu. Nilipakia magunia ya maharagwe nyuma, uzito wa watu. Mama akatoka na kitenge chake cha kanisani, akafungua mlango wa mbele, akakaa kwenye kiti chako. Sikumwita. Kilimani mikono yangu ilikuwa inateleza kwenye usukani kwa jasho. Moteri ikashika, ikapanda, haikukohoa, tukapita pale. Mama akaweka kiganja juu ya dashibodi akasema, "Baba yenu alikuwa na masikio."

Nikamjibu, "Alikuwa nayo, Mama."

Vile vipande viwili vya resori nimevizika kaburini kwako, upande wa kichwa, chini sana, fasi jembe la Mama halifiki akipalilia. Lile kopo nimelimwaga lote shimoni, ili mkono wangu usije ukalitafuta siku moja mtu akisimama mlangoni na mtoto. Kwaheri, Papa. Bado nimekukasirikia. Neema nitamfikisha, na ukweli wa resori Mama hatausikia kwangu.

Binti yako,
Faraja