Kebo Iliyoinama

Jumanne, 4 Machi
Jumatatu natetea tasnifu! Profesa msimamizi wangu amerudisha sura ya mwisho na masahihisho ya koma tu. Hoja yenyewe nyepesi: mkondo ukiwa na nguvu, maji mengi hupita kwenye mlango wa bahari kutoka bahari moja kwenda nyingine, ukilegea, yanapungua. Kipimo chetu kinaonyesha unalegea mwaka hadi mwaka. Mama ameshautangazia ukoo mzima — eti mwanawe kagundua bahari zimenuniana, hazipeani maji. Nimecheka mpaka mbavu zikauma.

Jumatano, 5 Machi
Leo nimechora grafu ya kina cha kipimo chetu, ya kujazia kiambatisho tu. Hakuna anayeitazamaga. Kipimo kimefungwa kwenye kebo, nanga chini, boya juu, nasi tunachukulia kipo palepale siku zote. Thubutu! Mkondo ukishika kasi, kebo inainama, kipimo kinazama kwenye maji ya chini yanayokwenda polepole. Yaani mkondo ukiwa na nguvu kuliko siku zote, sisi tunaandika dhaifu. Na kila mwaka kebo imeinama zaidi.

Ijumaa, 7 Machi
Nimepiga hesabu upya, nikairudia. Mkondo haulegei. Unaongezeka nguvu, na maji yanayovuka yanaongezeka. Sura nne nzima, kwaheri.

Nimempelekea Profesa. Katazama, kavua miwani. Hakubisha hata kidogo. Kasema kipimo kile alikifunga yeye mwenyewe, makala zake zote zimekaa juu yake, na watahini hawataulizia kebo. Halafu, kwa upole: "Tetea kwanza, mwanangu. Tutasahihisha baadaye."

Namheshimu kama mzazi. Ndiyo maana nina hasira hivi.

Jumapili, 9 Machi
Mama amepiga simu, nguo imetoka kwa fundi. Sikumwambia kitu. Nikifelishwa kesho sina mwaka mwingine, ufadhili unaisha mwezi huu. Naogopa. Basi.

Jumatatu, 10 Machi
Niko kwenye benchi nje ya ukumbi. Mama yuko ndani, mstari wa mbele. Nimeitoa grafu ya zamani, nimeweka iliyosahihishwa — na mchoro wa kebo ikiwa imeinama, wauone wote.

Profesa amepita sasa hivi. Nikasimama: "Shikamoo, Profesa. Nimebadilisha grafu."

Akanitazama. Shikamoo yangu hakuiitikia, mara ya kwanza tangu tufahamiane. Ameingia, ameketi na watahini. Mlango uko wazi, wananiita jina, na mimi bado naandika. Naingia.