Jibu la Dakika Moja

S.L.P. 88,
Cheongju.
19 Novemba.

Mpendwa Shangazi Sun-im,

Shikamoo. Habari za huko São Paulo, na goti lako linaendeleaje? Baba aliniambia daktari amekukataza kupanda ngazi, akacheka, akasema kumkataza dada yake kupanda ngazi ni sawa na kumkataza paka. Sisi huku wazima. Baridi imeanza. Jumamosi mimi, Mama na majirani tulichachua kabeji sitini kwa chumvi na pilipili ziwe kimchi, na mpaka leo mikono inaniwasha.

Juzi kwenye simu uliniuliza mbona Mama anashangilia kwamba nimepata kazi, na mimi mwenyewe niko kimya kama niliyefiwa. Sikuweza kukujibu kwa kuwa Mama alikuwa amekaa ubavuni mwangu. Acha nikuandikie yote. Nimechoka kukaa na uchafu huu peke yangu.

Unajua nimetafuta kazi miaka miwili. Safari hii tulijiandaa kwa usaili watu watatu. Tulikodi chumba kidogo juu ya nyumba ya kuogea, mara tatu kwa wiki, na harufu ya sabuni ilitupandia mpaka mezani. Mimi, msichana mmoja anaitwa Na-rae, na Tak Gyu-min. Huyu ametuzidi miaka mitatu, kwa hiyo tulimwita kaka. Ndiye aliyeshika saa. Kila jibu dakika moja, mgongo umenyooka, mikono magotini, tabasamu lisikatike.

"Mi-rang, unatabasamu kama mtu anayeumwa jino!" alikuwa akinipigia kelele. "Tena, tangu mwanzo!"

Nilirudia mbele ya kioo cha bafuni mpaka mashavu yakauma. Mama naye alikataa kupika supu ya mwani wiki nzima, kwa kuwa mwani huteleza, nisije nami nikateleza kwenye usaili.

Na-rae ni mpole. Kulikuwa na swali moja lililomshinda: tueleze shida kubwa uliyowahi kuipitia. Kila siku alijibu habari za mtihani alioufeli.

"Jibu limepoa kama wali wa jana," Gyu-min akamwambia. "Hakuna kitu kilichokuumiza kweli, mdogo wangu?"

Ndipo akatuambia. Mwaka wake wa mwisho chuoni, mama yake aliugua saratani ya tumbo. Nywele zilipoanza kutoka, Na-rae alimnyoa kichwa kwa mkono wake, jikoni. Mama akajitazama kwenye kioo, akacheka, akasema, "Sasa nimefanana na baba yako." Miezi miwili baadaye akafariki. Shangazi, tulilia sote watatu. Gyu-min alijifuta macho, kisha akasema, "Hilo ndilo jibu lako." Akamsaidia kulipunguza mpaka likaingia kwenye dakika moja. Alilisikia si chini ya mara ishirini.

Siku ya usaili ikafika. Kampuni sitaitaja, inatengeneza michuzi ya chupa. Waliita watu kwa makundi, na bahati, au mkosi, ikatuweka sote watatu chumba kimoja, mbele ya mabwana wanne. Gyu-min alikaa wa kwanza, Na-rae katikati, mimi mwisho.

Wakamuuliza Gyu-min lile swali. Akashusha pumzi, akainamisha kichwa kidogo, akaanza. "Mwaka wangu wa mwisho chuoni, mama yangu aliugua saratani ya tumbo."

Nilidhani sikusikia vizuri. Akaendelea. Jikoni, wembe, nywele sakafuni. "Nilimshikia kioo. Akacheka, akasema, sasa nimefanana na baba yako." Bwana mmoja akavua miwani. Shangazi, mama yake Gyu-min yu hai! Anauza mboga za kuungwa sokoni. Juma moja kabla ya hapo alinifungia tofu ya soya kwa mikono yake na kuniongezea kipande cha bure.

Kisha wakamgeukia Na-rae kwa swali lile lile. Akasema, "Sina."

"Umri wote huo hujapata shida?" bwana mmoja akasema. "Una bahati, binti." Wakacheka.

Zamu yangu ikaja. "Kati ya hawa wawili walio kando yako, ungemwajiri nani, na kwa nini?"

Mlango wa kusema kweli ulikuwa wazi. Neno moja tu lingetosha. Lakini nilikuwa nimefundishwa vizuri mno, na mdomo ulijua njia kabla yangu. Nikasema, "Bwana Tak. Mtu aliyemuuguza mama yake namna hiyo hawezi kuitupa kampuni yake." Sauti ilitoka tamu, mgongo umenyooka, tabasamu halikukatika. Wakaitikia kwa vichwa, wameridhika. Sijawahi kujibu swali vizuri kama lile maishani mwangu.

Tulipotoka, Na-rae alikwenda moja kwa moja kituo cha basi. Gyu-min alininunulia kahawa ya kopo. Nikamuuliza, "Kaka, umefanya nini?"

"Jibu si la mtu, ni la anayelitumia," akasema. "Na-rae angelia katikati na kuliharibu. Na wewe mbona ulinisifu?"

Kahawa niliimwaga mtaroni.

Majibu yakatoka: Gyu-min kapita, mimi nimepita, Na-rae hakupita. Mama akawaambia mtaa mzima. Mimi kila nikivaa ile suti nyeusi ya usaili nasikia kinyaa, kama nimevaa nguo ya maiti. Alhamisi nikapiga simu, nikasema siji kazini, na nikawaeleza sababu. Mwanamke aliyepokea alinisikiliza, akasema, "Asante kwa taarifa. Ila sisi tunaangalia namna mtu anavyojieleza." Akakata.

Jana nikaenda kwa Na-rae. Anamenya vitunguu saumu kwenye mkahawa wa mama yake mdogo. Nilimwambia yote, hata jinsi nilivyojibu vizuri. Hakuacha kumenya.

"Umekataa kazi kwa ajili yangu?"

"Hapana. Kwa ajili yangu."

"Afadhali. Maana mimi sikukutuma." Akamenya kingine. Kisha akasema, "Alisema yeye ndiye aliyemshikia kioo. Si kweli. Mama alikishika mwenyewe. Nilitaka kumsahihisha pale pale, nikaona nitakuwa namfundisha."

Nikachukua kisu, nikakaa, tukamenya. Hakunifukuza, wala hakusema amenisamehe.

Mama bado hajui. Nitamwambia leo baada ya chakula cha mchana. Akikupigia analia, nakuomba usinitetee, na usimdanganye kwamba kazi yenyewe haikuwa nzuri. Ilikuwa nzuri.

Nisalimie Mjomba Chang-ho na binamu zangu wote, na umwambie Min-ah picha ya mtoto wake imefika. Baba anakusalimu, na anasema ngazi uziache. Mungu akulinde na akupe goti jipya.

Ni mimi binti wa kaka yako, nikupendaye kutoka mbali,

Mi-rang